Jukwaa la Vipande Tisa: Shajara ya Mradi wa Klabu Yetu ya Maigizo

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya kutwa mkoani Tanga, na ndimi mlezi wa klabu ya maigizo. Kwa miaka minne nimewaona wanafunzi wangu wakijibu vizuri swali la mtihani linalouliza maana ya maelekezo ya jukwaa: wanaandika kwamba ni maneno yaliyowekwa katika mabano au kwa herufi za mlazo ili kumwonyesha mwigizaji afanye nini na aelekee wapi. Wape ukurasa huohuo wauigize, nao watasimama wote katikati, wakiwa wamepanga mstari kama wanaoimba wimbo wa taifa. Mradi huu una kazi mbili zinazokwenda pamoja, yaani kujenga jukwaa la kuhamishika ndani ya bwalo la shule, na kuwafundisha wanafunzi sehemu zake hadi wazijue kwa miguu yao. Ninaandika kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama zake, ili mwalimu mwingine anayetaka kufanya kazi hii asianzie pale nilipokosea.

18 Januari 2025: Tepu sakafuni

Kabla ya kununua ubao hata mmoja, tulichora jukwaa kwa tepu ya karatasi kwenye sakafu ya bwalo. Upana ni mita 7.3 na kina ni mita 3.7, kisha eneo lote likagawanywa katika visanduku tisa, vitatu kwa vitatu. Nilichagua kipimo hicho makusudi, kwa kuwa kila kisanduku kina ukubwa wa plaiwudi moja ya futi nane kwa nne, na baadaye kila kisanduku kitakuwa kipande kimoja cha jukwaa. Tulitumia roli mbili za tepu.

Kanuni niliyoifundisha ni ile ya kawaida. Kulia na kushoto kwa jukwaa huhesabiwa kwa mwigizaji aliyesimama akiitazama hadhira, wala si kwa mtazamaji aliyeketi. Mbele ni upande wa hadhira, nyuma ni upande wa pazia la nyuma. Niliwaita wanafunzi kumi na wanne mmoja mmoja, nikampa kila mmoja maelekezo kumi ayatekeleze bila kuuliza, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimefundisha kitu.

Kosa la kulia na kushoto lilikuwa jepesi kulielewa. Wale waliokuwa wameketi mbele wakisubiri zamu walikuwa wamejizoeza kuliona jukwaa kwa macho ya mtazamaji, na walipopanda walikuja na kulia kwao kwa benchini. Nililitatua kwa mkono wenyewe. Kulia ni mkono wa kulia chakula, na kila aliyelelewa huku pwani amekatazwa tangu utotoni kula kwa mkono mwingine. Tuna mvulana mmoja anayeandika kwa mkono wa kushoto, nikadhani kwake kanuni itakwama, lakini hata yeye anakula wali kwa mkono wa kulia kama wenzake. Kila mwanafunzi sasa hupanda, huitazama hadhira, hukunja vidole vya mkono huo kama anayekusanya tonge, ndipo huondoka. Niliwaeleza pia kwamba kanuni yenyewe ni makubaliano tu ya watu wa kazi: katika majumba ya maonyesho ya Ujerumani, kulia na kushoto huhesabiwa kwa mtazamo wa hadhira, nao hawapotezani, kwa sababu wote wamekubaliana.

Kosa la mbele na nyuma lilikuwa zito zaidi. Msichana wa Kidato cha Pili, aliyekuwa amesimama karibu na hadhira lakini amegeukia pazia, nilimwambia, "Sogea mbele." Akapiga hatua tatu kuelekea pazia. Nilipomwambia amekosea alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, mbele ni huku ninakotazama." Hakuwa amekosea Kiswahili. Nilipomwambia mwingine asimame mbele ya meza, alisimama upande wa pili wa meza, mbali na hadhira, na yeye pia alikuwa na hoja: abiria wa daladala akimwambia kondakta "nishushe mbele ya msikiti," mara nyingi anataka kushushwa baada ya kuupita msikiti, si mlangoni pake. Lugha yetu ina mbele ya mtu anayetazama, mbele ya kitu chenye uso, na mbele ya mtu anayesafiri, zote zikiwa sahihi. Mwigizaji anayegeuka kila baada ya sentensi mbili anabeba mbele yake na kuigeuza pamoja naye.

1 Februari 2025: Juu na chini, na kwa nini tuliyaacha

Nilijaribu dawa ambayo iliongeza ugonjwa. Nilikuwa na kitabu cha Kiingereza cha mafunzo ya uigizaji, nacho hakitumii mbele na nyuma. Sehemu ya karibu na hadhira huitwa chini, na ya mbali huitwa juu. Niliyafasiri maneno hayo neno kwa neno na kuyaandika kwenye karatasi za mazoezi. Mwigizaji wangu mkuu alipofika kwenye maelekezo "anakwenda juu kulia" alipanda juu ya meza iliyokuwa upande wa kulia. Mwenzake aliyeambiwa "anasogea chini" aliketi sakafuni. Walitii kile kilichoandikwa, na lawama ni ya aliyeandika.

Kosa hilo lilinilazimu kuwaeleza asili ya maneno hayo, na somo likawa bora kuliko nilivyolipanga. Katika karne za nyuma, majukwaa mengi ya Ulaya yalijengwa kwa mwinamo, sakafu ikipanda taratibu kuelekea nyuma, ili watazamaji walioketi sehemu tambarare wamwone hata mwigizaji wa mbali na ili mandhari iliyochorwa ionekane kuwa na kina. Aliyekwenda nyuma alikuwa anapanda kweli, na aliyesogea karibu na watu alikuwa anateremka kweli. Ukumbi wa Teatro Olimpico mjini Vicenza, Italia, uliobuniwa na msanifu majengo Palladio na kufunguliwa mwaka 1585, bado una mitaa ya mbao nyuma ya jukwaa inayopanda na kusinyaa ili jicho lidhani linaona mji mrefu. Majukwaa ya sasa mengi ni tambarare, lakini Waingereza wamebaki na maneno. Sisi hatukuwahi kuwa na mwinamo huo katika viwanja vyetu vya ngoma, kwa hiyo maneno hayo kwetu hayana mlima wa kuyashikilia.

Mwanafunzi mmoja alipendekeza tujenge mwinamo. Nililiheshimu wazo lake, tukaegemeza plaiwudi kuukuu juu ya matofali kwa mwinamo wa sentimita 15. Kiti cha magurudumu tunachokitumia katika igizo kilibiringika hadi kikaanguka, na msichana anayecheza kwa miguu mitupu alisema visigino vinamuuma baada ya nusu saa. Tukaacha. Gharama ya jaribio hilo haikuwepo, zaidi ya Jumamosi moja.

15 Februari 2025: Tezi na omo

Suluhisho lilitoka kwa mwanafunzi ambaye baba yake ni baharia wa jahazi. Nilipokuwa nikilalamika kwamba tunahitaji mbele isiyogeuka mtu anapogeuka, aliniambia kwamba chombo kinayo: hata baharia akitazama nyuma, omo (mbele ya chombo) ni omo na tezi (nyuma yake) ni tezi. Nilinyamaza kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeisoma na kuifundisha methali ya "enda tezi na omo, marejeo ni ngamani" kwa miaka mingi bila kufikiri kwamba ndani yake mna ramani.

Tukalichukua jukwaa kuwa chombo kinachoelekea kwa hadhira. Ukingo wa karibu na watazamaji ni omo. Upande wa pazia la nyuma ni tezi, anakokaa mshika usukani. Kisanduku cha katikati kabisa ni ngama, yaani sehemu ya ndani ya chombo yanakokusanyika maji. Na uzuri wa picha hii ni kwamba nahodha aliyesimama tezi akitazama omo ana mkono wa kulia uleule wa mwigizaji anayeitazama hadhira, kwa hiyo kanuni ya tonge haikuvunjika. Nilirudia jaribio la maelekezo kumi. Wanafunzi kumi na mmoja kati ya kumi na wanne hawakukosea hata mara moja, na watatu waliobaki walikosea kulia na kushoto, si mbele na nyuma.

Kosa la siku hiyo lilikuwa la kalamu. Ili kuandika miondoko kwa haraka kwenye pambizo ya mswada, nilikuwa nimewaambia watumie herufi ya kwanza ya kila neno. Baada ya wiki mbili daftari zilijaa K ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma, kwa kuwa kulia, kushoto na katikati yote huanza na herufi hiyo. Sasa tunatumia L kwa kulia na S kwa kushoto, yaani herufi inayofuata "ku". O ni omo, T ni tezi na N ni ngama. Sehemu tisa zinaandikwa hivi, kwa kuanzia upande wa hadhira na kutoka kulia kwa mwigizaji: OL, O, OS, kisha L, N, S, kisha TL, T, TS. Mwondoko unaandikwa kwa mshale, na penseli ni lazima, kwani hakuna mwondoko unaonusurika hadi siku ya onyesho.

Ninatahadharisha jambo moja. Maneno ya chombo ni ya mazoezi yetu. Katika mswada unaokwenda kwa msomaji au katika jibu la mtihani, wanafunzi wanaandika "mbele ya jukwaa, karibu na hadhira," kwa sababu mwanafunzi wa Dodoma au Kigoma hana sababu ya kuijua omo yetu.

8 Machi 2025: Maelekezo yasiyochezeka

Mwezi wa Ramadhani umeanza, nasi hatufanyi mazoezi ya miguu mchana. Tumeutumia muda huu kukaa na mswada. Igizo ni la wanafunzi wenyewe, nalo linahusu mnada wa samaki na deni la Bi Mwanahawa kwa Mzee Kombo.

Nilipoyasoma maelekezo waliyoyaandika nilikuta aina mbili za kasoro. Ya kwanza ni maelekezo ambayo mwili hauwezi kuyatenda. Mmoja aliandika, "Bi Mwanahawa anakumbuka miaka aliyoishi na mumewe." Nikamwuliza, hadhira itaonaje kwamba anakumbuka? Tulikaa na sentensi hiyo kwa karibu saa nzima. Rasimu ya pili ilisema "anakumbuka kwa huzuni," na huzuni haikusaidia kitu. Rasimu ya tano ndiyo tuliyoishika: "Anamimina chai katika vikombe viwili. Anakitazama cha pili. Anairudisha chai ya kikombe hicho ndani ya birika." Msichana anayeicheza nafasi hiyo aliisoma mara moja akajua mikono yake iende wapi, na aliyekuwa akimtazama akaelewa kwamba kuna mtu hayupo.

Kasoro ya pili ilikuwa kumwongoza mwigizaji kwa kila neno. Ukurasa mmoja ulikuwa na mabano kumi na saba: kwa hasira, kwa mshangao, kwa sauti ya chini, akitabasamu. Tuliyafuta kumi na mawili. Ikiwa maneno yenyewe ni ya hasira, mabano yanayosema "kwa hasira" yanarudia tu, na mwigizaji anayeyategemea hachunguzi tena hasira hiyo imetoka wapi. Tuliyaacha yale yanayobadilisha maana, kwa mfano pale Mzee Kombo anaposema "karibu sana" huku akifunga mlango.

Tulikubaliana pia kwamba kila maelekezo ya kuingia na kutoka yataje mahali, si upande peke yake. "Anaingia kutoka sokoni" ni bora kuliko "anaingia kutoka kulia," mradi ukurasa wa kwanza umeeleza kwamba soko liko kulia na nyumba iko kushoto. Wafaransa wana desturi inayofanana na hiyo: upande mmoja wa jukwaa huitwa wa bustani na mwingine wa ua. Maneno hayo yanatokana na ukumbi wa kasri la Tuileries mjini Paris, ambako waigizaji wa kundi la Comédie-Française walihamia mwaka 1770, kwani upande mmoja ulielekea bustani na wa pili ulielekea ua wa kasri. Kasri lenyewe halipo tena, lakini maneno yanatumika hadi leo katika kumbi zisizo na bustani wala ua.

12 Aprili 2025: Mbao

Ujenzi ulichukua siku sita. Kila kipande ni fremu ya mbao za inchi mbili kwa nne yenye mihimili mitatu ya ndani, miguu sita ya sentimita 60, na plaiwudi ya milimita 18 juu. Plaiwudi tisa zilitugharimu shilingi 612,000, na mbao 36 za futi kumi na mbili zikagharimu 342,000. Vipande vinashikana kwa bolti mbili kila vinapokutana, jumla bolti 24 kwa shilingi 36,000. Fundi seremala alilipwa 200,000.

Makosa yalikuwa matatu, nayo ninayaeleza kwa kirefu kwa sababu yote yangeepukika.

La kwanza ni misumari. Nilinunua kilo sita za misumari kwa shilingi 27,000 kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko skrubu. Siku tatu baada ya kukamilika, kila hatua ilitoa mlio kama kitanda cha zamani, na katika onyesho la kimya la Bi Mwanahawa hatukusikia kitu kingine. Nilimlaumu fundi kwamba mbao zilikuwa mbichi. Aligonga plaiwudi kwa kisigino, akainama, akanionyesha msumari ukipanda na kushuka milimita moja ndani ya tundu lake kila mtu anapokanyaga. "Mwalimu," aliniambia, "mbao haina kosa. Msumari unacheza." Tuliing'oa yote na kuweka skrubu, boksi nne kwa shilingi 48,000. Kabla ya kufunga upya tulilaza vipande vya mipira ya ndani ya baiskeli kati ya fremu na plaiwudi, wazo la fundi huyohuyo, na ule mvumo wa ngoma uliokuwa ukisikika mtu akikimbia ukapungua sana. Mipira tulipewa bure na mafundi baiskeli.

La pili ni kuyumba. Miguu ilikuwa imara ukiibonyeza kuelekea chini, lakini wanafunzi kumi na wanne walipokimbia pamoja kwenda kushoto na kusimama ghafla, jukwaa zima lilisogea kama mtu anayesinzia. Miguu iliyonyooka hubeba uzito. Haizuii msukumo wa pembeni. Tulifunga mbao za inchi moja kwa nne kimshazari kati ya miguu, vipande 18 kwa shilingi 81,000, na tangu hapo halijasogea. Yeyote anayeiga kazi hii azipange mbao hizo tangu mwanzo, na asimruhusu mtoto kupanda kabla hazijafungwa.

La tatu ni rangi. Nilipaka rangi nyeusi ya mafuta inayong'aa, shilingi 32,000. Mwanga wa dirisha uliakisiwa usoni mwa watazamaji, na sakafu ikawa utelezi kwa wanaovaa soksi. Tuliikwaruza kwa msasa na kupaka nyeusi isiyong'aa, shilingi 56,000.

26 Aprili 2025: Kaniki, pembe za macho, na taa ya kandili

Jukwaa si sakafu peke yake. Linahitaji pazia la nyuma na mapazia ya pembeni, ili mwigizaji anayesubiri zamu asionekane na anayetoka awe ametoka kweli. Kitambaa kizito cha mapazia kilitushinda bei. Tulinunua mita 40 za kaniki kwa shilingi 140,000, na ninaipendekeza bila kusita, kwani weusi wake unameza mwanga na hauhitaji bitana. Tahadhari ni kwamba inatoa rangi. Mvulana aliyejibanza kwenye pazia kwa dakika kumi alitoka na kanzu nyeupe yenye bega la bluu iliyokoza, na kanzu ilikuwa ya babu yake. Tuliiloweka kaniki yote katika maji ya chumvi na kuisuuza mara tatu, na kanzu tukaifua hadi ikarudi, ingawa nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi mzee.

Upepo wa madirishani uliipeperusha. Tulishona pindo na kulijaza mchanga, lakini mchanga ulivuja na kukwaruza sakafu. Sasa ndani ya pindo mna nondo nyembamba ya milimita 6, mbili kwa shilingi 22,000, na pazia linaning'inia wima.

Mapazia ya pembeni tuliyaweka kwa kukisia, na tukakisia vibaya. Niliketi kwenye kiti cha mwisho cha safu ya kwanza, nikawaona watu watano wakisubiri, mmoja akila muhogo. Kanuni ya kupima ni nyepesi na haihitaji futi: msubiri akiweza kumwona mtazamaji yeyote, mtazamaji huyo anamwona yeye. Tulimweka mwanafunzi katika kila kiti cha pembeni, na tukasogeza mapazia hadi kila msubiri aliposema haoni mtu. Kila upande sasa una mapazia mawili yanayopishana, na mwanya wa kupita ni sentimita 90, unaomtosha mtu aliyebeba beseni la samaki kichwani.

Zoezi la siku hiyo lilihusu kosa ambalo wanafunzi wamelipa jina la "kumvuta mtu tezi." Mzee Kombo alikuwa na tabia ya kurudi nyuma kidogo kidogo wakati wa mabishano. Bi Mwanahawa, ili aendelee kumtazama, alilazimika kugeuka hadi akawapa watu mgongo, na hadhira ikamwona Kombo peke yake. Hakukusudia kumwibia; alikuwa tu anajisikia salama karibu na pazia. Tiba ni wote wawili kukaa safu moja, kila mmoja akigeuza mwili robo tu kuelekea mwenzake, ili uso ubaki wazi kwa watu. Inawachosha mwanzoni, kwani katika maisha hatuongei hivyo, lakini wakishaizoea haionekani.

Igizo lilihitaji taa ya kandili. Nilipoiona ikiwaka nusu mita kutoka kwenye kaniki niliizima mwenyewe. Wanaofuatilia sanaa nchini wanakumbuka kwamba ukumbi wa maonyesho wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo uliteketea kwa moto mwaka 2002. Sasa ndani ya chimni kuna tochi ndogo ya betri iliyofunikwa karatasi ya rangi ya chungwa, na utambi hauna mafuta.

10 Mei 2025: Uwanjani, bila mbele

Mvua ya masika ilipopumzika tulilipeleka igizo chini ya mwembe, kwa sababu kijiji jirani kilitualika na vipande tisa havikuenea kwenye gari. Watu walikaa duara, kama wanavyokaa kwenye ngoma. Kila kitu tulichojifunza kilivunjika kwa mara moja: duara halina omo. Uso unaoonekana na hawa ni mgongo kwa wale, na hakuna pazia la kutokea.

Nilikuwa nimesoma kwamba waongozaji wanaofanya kazi katika duara huligawa kama uso wa saa, nikaona ni jambo jepesi. Kwenye zoezi la asubuhi nilisema, "Kombo asimame saa tatu, Mwanahawa saa tisa." Wote wawili wakasimama mahali pamoja, huku kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake amekosea. Kombo aliifuata tarakimu 3 kwenye uso wa saa. Mwanahawa alifikiria saa tisa alasiri, wakati ambapo mkono mfupi wa saa uko kwenye tarakimu 3. Saa yetu na tarakimu za uso wa saa zinapishana kwa saa sita, na saa sita ni nusu kamili ya duara. Kwa hiyo mwongozaji anayetumia saa kwa Kiswahili anampeleka mwigizaji ama mahali sahihi, ama upande wa pili kabisa. Niliuliza kundi zima. Wanane walikuwa na Kombo, sita walikuwa na Mwanahawa, na hakuna niliyeweza kumwambia kwamba hajui saa.

Hatukuwa na muda wa kujadili. Tuliangalia kilichokuwepo: mwembe, kisima, njia ya kuingilia na jiko la mama ntilie. Vitu hivyo vinne vilikaribia pembe nne, na maelekezo yakawa "anavuka kutoka kisimani kwenda jikoni." Hakuna aliyekosea tena. Jambo tulilolikosa ni kuzunguka. Mwigizaji aliyesimama mahali pamoja kwa muda mrefu aliwanyima watu robo ya duara uso wake, na bibi mmoja upande wa njia alisema kwa sauti, "Mwanangu, geuka na huku." Aligeuka, na baada ya hapo tuliweka kanuni kwamba hakuna anayesema zaidi ya sentensi tatu bila kubadilisha uelekeo.

24 Mei 2025: Onyesho la bwaloni na hesabu

Tumeonyesha mbele ya wazazi. Jukwaa halikulia wala halikuyumba. Katika onyesho la tatu la igizo mvulana mmoja aliingilia upande wa nyumbani badala ya sokoni akiwa na samaki wake, Bi Mwanahawa alimwuliza papo hapo, "Umepita uani?" naye akajibu, "Ndiyo, shangazi, njia ya sokoni imejaa maji." Hapakuwa na maelekezo yoyote katika mswada yaliyowafundisha hilo.

Safu za nyuma hazikuona vizuri waigizaji walioketi. Sentimita 60 zinatosha kwa aliyesimama, hazitoshi kwa aliyekaa kwenye mkeka karibu na tezi. Kwa onyesho lijalo tutauleta mkeka O na kuiweka meza T.

Jumla ya fedha iliyotumika, pamoja na roli tano za tepu kwa shilingi 15,000, ni shilingi 1,611,000, ambazo zilitoka kwenye michango ya wazazi. Kati ya hizo, 59,000 zilipotea kwa misumari na rangi ya kwanza. Vipande vinafunguliwa na watu wanne kwa dakika 40, na vimeegemezwa ukutani nyuma ya jiko la shule juu ya matofali, ili mchwa wasivifikie. Nyuma ya kila kipande tumeandika herufi zake kwa chaki ya mafuta. Kipande cha TS kina mguu mmoja uliopasuka, na fundi atakuja Jumanne.